'Rahisi', 'hafifu', 'salama': Bunduki ya bei nafuu na mitego ya Kiswahili chetu

Majuzi nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Arusha. Ulikuwa wa dakika kumi na mbili, urefu ambao kwa kawaida hunifanya niweke simu kando, lakini aliyeutuma ni rafiki yangu tuliyelelewa naye mtaani Kaloleni hapa Nairobi, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na ua wa michongoma tu. "Mwalimu," alianza, "nisaidie kabla sijaua mtu kwa Kiswahili."

Rafiki yangu huyu ni karani wa stoo katika kampuni moja ya uwindaji wa kitalii. Mabosi wake wanataka kununua bunduki kadhaa za kuwindia kitoweo cha kambini, yaani swala na wenzake, si tembo wala nyati. Wameipenda aina moja ya bei ya chini. Kila risasi unaiingiza chemba kwa kuvuta na kusukuma mkono wa chuma ubavuni. Mtutu wake ni wa 'stainless'. Kitako chake ni cha plastiki badala ya mbao. Kabla ya kutoa hela wakamwagiza akusanye maoni ya watu ambao tayari wanaimiliki. Akawapigia simu mkulima mmoja wa Tanga, mwindaji wa Morogoro na walinzi wawili wa mashamba, kisha akawahoji vijana wa kambini waliokuwa wakijifunzia moja ya majaribio. Wote hao walisema kwa Kiswahili, na mabosi wanasoma Kiingereza. Halafu ikaja kazi ya upande wa pili: maoni ya Wamarekani wenye bunduki hiyohiyo yafasiriwe kwa ajili ya vijana. Hapo ndipo alipokwama. Jina la bunduki nitaliacha. Safu hii ni ya lugha, si ya duka, na ninayoyasema yanahusu bunduki zote za tabaka hilo.

Huenda ukauliza Kaloleni na bunduki za kuwindia ni wapi na wapi. Jina la mtaa wetu lilitoka Pwani, ambako wenyeji Wamijikenda hulifasiri 'nendeni mkaone'. Nyumba zenyewe zilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji, na vita vya pili vya dunia vimeacha alama zake kila pembe. Ukitoka nje ya Kaloleni hatua chache uko Burma, soko la nyama lililobeba jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles, KAR kwa ufupi, walipigana na Wajapani mwaka 1944. Ukielekea mjini unakutana na Kariokor, ambalo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, baada ya kutafunwa na ulimi wetu. Watu wa Eastlands tunatembea juu ya ramani ya kijeshi bila kujua.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee mmoja aliyerudi Burma na mguu unaochechemea. Sisi watoto tulimwita Babu. Aliibeba Lee-Enfield, bunduki ya kipenyo cha .303 iliyokuwa mgongoni mwa karibu kila askari wa KAR, na aliizungumzia kama watu wanavyozungumzia ng'ombe waliowahi kufuga. Kiswahili chake kilituchekesha. Kilikuwa kile ambacho wanaisimu wanakiita KiKAR, Kiswahili cha kambini kilichounganisha watu wa Nyasaland, Tanganyika, Uganda na Kenya chini ya maafisa Waingereza. Ngeli kilizitupa karibu zote, na ukanushi wake wote ulikuwa 'hapana'. "Bunduki hapana jua rafiki," Babu angetuambia, nasi tukakimbia kwenda kumwigiza nyuma ya ukumbi wa mtaa. Nitamrudia.

Baba ya rafiki yangu naye alikuwa mbeba bunduki wa wazungu waliokuja kuwinda. Mwezi Mei mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na siku chache baadaye mzee alirudi nyumbani na sanduku lake la mbao akakaa kibarazani. Tanzania ilikuwa imefunga uwindaji mwaka 1973, lakini ikaufungua tena mwaka 1978. Mzee akavuka mpaka kwenda kutafuta riziki. Mwanawe alimfuata miaka mingi baadaye, na ndiyo sababu yuko Arusha leo akihangaika na maneno.

Ninaamini kwamba mwaka huo wa 1977 Kiswahili cha Kenya kilipoteza kitu. Tazama vitenzi 'winda' na 'saka'. Leo ukifungua gazeti, anayewinda ni klabu ya soka inayomtaka mshambulizi, na wanaosaka ni polisi wanaotafuta washukiwa. Mwenye kuwinda mnyama amebaki na jina moja tu, 'jangili', nalo ni jina la mhalifu. 'Msasi', neno la heshima la mtu ajuaye kazi ya porini, sijalisikia likitamkwa Nairobi tangu utotoni. Bunduki nayo imehamia kwenye kurasa za uhalifu. Mtoto wa Kaloleni wa leo ukimuuliza atakutajia 'mguu wa kuku', yaani bastola, na huenda akatazama nyuma kwanza. Hana neno la chombo ambacho mkulima wa Tanga anakitundika kabatini chini ya kufuli na kukilipia leseni. Kwa hiyo rafiki yangu alipokuja kwetu kuomba msamiati, alikuja kwenye ghala tupu.

Tuanze na mkono ule wa chuma ubavuni. Yeye aliandika 'bunduki ya bolti'. Kosa lenyewe linaeleweka, maana Kiingereza kinatumia neno 'bolt' kwa vitu vingi. Lakini peleka maneno hayo Gikomba au kwa fundi yeyote wa jua kali uone. Bolti ni kile chenye mizunguko na nati yake. Fundi atakuuliza unataka spana namba ngapi. Vijana wa kambini ndivyo walivyofanya. Waliposoma kwamba 'bolti ni ngumu mwanzoni lakini hulainika', mmoja alikwenda kulegeza skrubu zinazoshikilia mtutu.

Na neno lilikuwepo mlangoni muda wote. Milango ya nyumba za Kaloleni ilifungwa kwa komeo: unasukuma kipande cha chuma mbele, unakigeuza chini, mlango umefunga. Sehemu hii ya bunduki hufanya kazi hiyohiyo, hatua kwa hatua. Unainua mkono wake, unavuta nyuma, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Unageuza chini, na meno ya komeo yanang'ata mahali pake ili nguvu ya baruti isikurudie usoni. Nilimshauri aandike 'bunduki ya komeo'. Aliwasomea vijana na hakuna aliyeuliza swali.

Sehemu nyingine hazikutusumbua sana. Mtutu ni mtutu, ingawa wakongwe wa Pwani watakwambia 'kasiba'. Kitako, darubini na kifyatulio vinajulikana. 'Magazini' imekwisha kuingia nchini kwa mlango wa polisi na haitoki tena. Lakini Wamarekani wana mazoea ya kusifu bunduki kwa kusema inatoa 'kundi' la inchi moja. Ukilifasiri hivyo, msomaji ataona swala wamejipanga. Wanachomaanisha ni kwamba ukipiga risasi tatu kwenye karatasi iliyo umbali wa yadi 100, kama mita 91 hivi, matundu yote matatu yataenea ndani ya upana wa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Hapo hakuna neno moja la kutosha. Andika sentensi nzima na usione haya.

Sasa tufike kwenye maoni yenyewe, na hapa ndipo nilipoanza kufurahia kazi hii isiyo na malipo.

Karibu kila mwenye bunduki hiyo, wa Morogoro hata wa Marekani, anasema jambo la kwanza kwamba haikumgharimu sana. Rafiki yangu aliandika 'ni bunduki rahisi'. Mabosi waliporudishiwa tafsiri kwa Kiingereza wakaelewa kwamba ni rahisi kutumia, wakafurahi kwa ajili ya wanagenzi. Sivyo mwindaji alivyosema. Neno 'rahisi' lilitoka Kiarabu, ambako 'rakhisi' ni kitu cha bei ya chini na basi. Kiswahili kililipokea, kikaliongezea maana ya wepesi wa kutenda, na maana hiyo ya kuongezwa imekaribia kumfukuza mwenye nyumba. Mwalimu anasema mtihani ulikuwa rahisi, wala hakuna anayewaza pesa. Wakati huohuo methali inatuonya kwamba rahisi ni ghali, na humo neno limebaki sokoni lilikozaliwa. Katika maandishi yanayoweza kumfikia mtu aliyeshika silaha, nimeamua 'rahisi' pekee yake lisitumike hata mara moja. Iwe 'ya bei nafuu' au 'rahisi kutumia'.

'Nafuu' lenyewe nalipenda zaidi. Mgonjwa hupata nafuu. Bei nayo huwa nafuu. Ni kama kwamba bei ya kawaida ni homa. Nani anayenunua unga siku hizi atabisha?

Jambo la pili wanalolisema ni kwamba bunduki hii haina uzito. Mbao zimetolewa, plastiki imewekwa, na mtu anaweza kuibeba kutwa nzima. Mlinzi mmoja alisema "ni nyepesi, haichoshi bega". Lakini mlinzi wa pili, mtu wa makamo aliyesoma chuoni Kurani, alitumia neno 'hafifu', na alikuwa anasifu! Kiarabu 'khafifu' ni chepesi, na huenda masikio yake yamezoea maana hiyo. Kwa Mswahili wa kawaida kitu hafifu ni dhaifu, duni, cha kuvunjika kesho. Rafiki yangu akafasiri kwa uaminifu: mlinzi anaiona bunduki kuwa mbovu. Maoni ya kusifu yakawekwa kwenye safu ya lawama.

Maneno haya yanafundisha jinsi sisi wenyewe tunavyoviona vitu. Tumechukua neno la wepesi tukalifanya la ubovu, kwa sababu sokoni kwetu tumezoea kupima ubora kwa mkono. Nenda Burma ukamtazame mama akichagua sufuria: ataiinua kwanza. Ikiwa nzito, nzuri. Ikiinuka kama karatasi, atairudisha akisema 'hii ni ya mchezo'. Nikawaza kwamba hata maoni ya wale wanaoilalamikia bunduki yenye kitako cha plastiki yana mkono huo ndani yake. Wanasema kitako kinapinda ukikibana, kweli, na wengine wanasema magazini ya plastiki inawatia wasiwasi. Lakini wanapoulizwa kama risasi huenda wanakozielekeza, wanakiri kwamba huenda.

Na hapo tena kuna kichekesho. Kiswahili hakina sifa moja nzuri ya chombo kinachopiga pale kilipoelekezwa. Mkulima wa Tanga alisema 'ina shabaha', ingawa shabaha ni kile kinacholengwa. Vijana walisema 'haikosi'. Rafiki yangu alipendekeza 'madhubuti'. Kwa Mwarabu angepata alama zote, maana kwake 'madhbuti' ni sahihi, barabara, bila kuzidi wala kupungua. Sisi tulipolileta nyumbani tulilijaza misuli, likawa imara na yenye nguvu. Bunduki madhubuti kwetu ni ile usiyoweza kuivunja hata ukiitumia kama mchi. Nikachagua 'inapiga inapolengwa', ambayo ni maneno ya mmoja wa wale vijana na hayana mpinzani.

Kilichonikesha ni 'stainless'.

Kwenye kamusi na karatasi za shule utakuta 'chuma kisichopata kutu' au 'kisichoshika kutu'. Nimelifundisha neno hilo miaka mingi bila kulitilia shaka. Mkulima wa Tanga ndiye aliyenitia shaka. Anaishi karibu na bahari. Alinunua bunduki hiyo kwa sababu aliyemuuzia alimwambia chuma chake hakipati kutu, naye akaiamini sentensi hiyo kama ilivyo: aliifuta vumbi, akaitundika, hakuipaka mafuta. Msimu mmoja wa masika ulipopita, akaitoa mtutu kwenye kitako na kukuta vidoa vya kahawia upande wa chini, pale jasho na unyevu wa chumvi vinapojificha kwenye plastiki. Skrubu za kushikilia darubini zilikuwa zimegeuka rangi kabisa. "Stenlesi ya uongo hii," alimwambia rafiki yangu, na maoni yake yote yaliyobaki yalikuwa machungu.

Haikuwa ya uongo. Chuma cha pua huitwa 'stainless' kinapochanganywa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba mno usioonekana, nao ndio unaokilinda chuma. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Ila chumvi ina uwezo wa kuutoboa hapa na pale, hasa mahali ambapo hewa haifiki. Tena si kila 'stainless' ni ndugu. Sinki zuri la jikoni huwa na kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Chuma kinachotumika sana kwa mitutu, kinachojulikana kwa namba 416, kina kromiamu ya asilimia 12 hadi 14 na salfa kidogo iliyotiwa makusudi ili kichongeke bila taabu. Salfa hiyohiyo hupunguza ukinzani wake kwa kutu. Na sehemu nyingi ndogo, skrubu na springi, aghalabu si 'stainless' kabisa. Mchinjaji mmoja wa Burma ananiambia hata visu vyake vya stenlesi huvioshea maji ya moto na kuvikausha kila jioni. Hajasoma kemia yoyote, anajua tu.

Kwa hiyo kosa liko wapi? Liko katika kiambishi -si-. Tukisema kwa njia ya kukubali tunazo nyakati: chuma kinachopata kutu, kilichopata kutu, kitakachopata kutu. Tukikanusha, zote tatu zinaporomoka na kuwa moja: kisichopata kutu. Hakipati leo, hakikupata jana, hakitapata milele. Wakati umefutwa, na pamoja nao shaka yote. Sarufi yetu ilimpa yule mkulima dhamana ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa.

Kiingereza chenyewe kiliwahi kupita njia hii. Mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma aitwaye Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakingeliwa upesi na joto la baruti. Katika majaribio yake alipata mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13 uliokataa kuliwa na tindikali. Yeye aliuita kwa jina lenye maana ya 'kisicho na kutu'. Lakini alipoupeleka kwa watengenezaji wa visu vya mezani, meneja mmoja, Ernest Stuart, aliujaribu kwa siki, akaona haukuweka alama, naye ndiye aliyeuita 'stainless', kwa maana ya 'kisicho na doa'. Jina la Stuart ndilo lililoshinda. Tazama basi tulivyozunguka: chuma kilichoanza safari kikitafutwa kwa ajili ya bunduki kiliingia jikoni, kikapata jina la jikoni lisilosema lolote kuhusu kutu, kisha kikarudi kwenye bunduki, nasi Waswahili tulipolifasiri jina tuliirudisha ahadi ya kutu ambayo Waingereza walikwisha kuiacha njiani.

Wapo watakaosema tuandike 'stenlesi' tumalize. Mtaani inatosha, muuza saa wa Jogoo Road haitaji zaidi. Lakini neno la mkopo halimwambii mkulima afanye nini. Wengine wangependa 'feleji', neno la zamani la chuma bora. Ni zuri sana, na wasomaji wangu wawili wangelielewa. Mimi nimeegemea 'chuma sugu kwa kutu', kwa sababu madaktari wamekwisha kutufundisha kuitumia 'sugu'. Vimelea sugu kwa dawa ni vile vinavyostahimili dawa. Hakuna anayedhani kwamba haviwezi kufa kamwe. Neno lina ubishi ndani yake, na ubishi una mwisho. Rafiki yangu aliongeza chini yake, bila kuniuliza, 'paka mafuta kila wiki, ukiwa Pwani kila siku'. Hayo si tafsiri. Nikamwambia ayaache.

Nimeichelewesha sababu iliyomfanya anipigie kelele ya kuua mtu.

Bunduki ya komeo huwa na kitufe au swichi ndogo ya kuzuia kifyatulio. Kwa Kiingereza huitwa 'safety', na bunduki ikizuiwa husemwa iko 'safe'. Katika maoni ya Wamarekani lilikuwepo lalamiko kwamba swichi hiyo ni ndogo na haitoi sauti, hivyo mtu aikague kwa macho. Rafiki yangu alifasiri: 'hakikisha bunduki iko salama'. Hakuna mhariri ambaye angeigusa sentensi hiyo. Hata mimi nisingeigusa.

Asubuhi moja kijana mmoja alikuwa akimpokea mwenzake bunduki ile ya majaribio kwenye gari. Akamuuliza, "Iko salama?" Mwenzake akajibu, "Salama." Jamani, nani kati yetu angejibu vingine? Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba anayeuliza habari hujibiwa salama, hata nyumba ikiungua. Mmoja alikuwa anauliza kuhusu swichi. Mwingine alijibu kuhusu bunduki kwa jumla: haijaanguka, haijapotea, haina neno. Risasi ilikuwa chemba na swichi ilikuwa wazi. Bunduki ilifyatuka ikiwa inaelekea chini, ikatoboa gurudumu la nyuma la Land Cruiser. Aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili akifunga kamba za kiatu alitapakaa vumbi tu. Rafiki yangu aliponisimulia sauti ilimkatika, akanyamaza kwa muda, nami nikasikia ndege wa Arusha wakiimba kwenye simu.

'Salama' imebeba mambo matatu ambayo kwenye silaha hayafanani hata kidogo. Bunduki inaweza kuwa imehifadhiwa vizuri. Inaweza kuwa imezuiwa kwa swichi huku ina risasi. Inaweza kuwa haina risasi kabisa. Ukitumia neno moja kwa hali zote tatu, umeziachia zichaguliwe na bahati. Tulijaribu 'imefungwa', lakini komeo nalo hufungwa, na likifungwa ndipo bunduki ilipo tayari. Tukajaribu 'imelala', ambayo ilipendeza hadi mlinzi mmoja alipouliza kama iliyolala inaweza kuamka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Babu. Kile Kiswahili tulichokicheka kilikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi tukaichoka: "Bunduki yote iko na risasi. Hapana amini mtu." Mwalimu wa sarufi atatia kalamu nyekundu mara nne. Lakini 'iko na risasi' haimwachii msikilizaji mahali pa kujificha. Haisemi habari za amani wala usalama. Inataja kitu chenyewe, na kitu hicho kipo au hakipo. KiKAR kiliundwa na watu wa lugha nyingi ambao kosa la kuelewana lingewaua, na naona sasa kwamba kilipotupa ngeli kilijua kinachohifadhi.

Karatasi iliyobandikwa ukutani pa stoo kule Arusha leo haina neno 'salama' hata mahali pamoja. Kijana anayepokea bunduki haulizi. Anafungua komeo, anatazama chemba, anaingiza kidole, kisha anasema kwa sauti "haina risasi" au "ina risasi". Anayempa hutamka vilevile. Swichi imeitwa 'kizuizi', nacho kiko juu au kiko chini. Tulisanifisha Kiswahili cha Babu kidogo tu, kwa aibu zaidi kuliko kwa haja.

Mabosi wameamua kununua mbili kwanza, na wamelipia pia mafuta ya kupaka. Maoni ya mlinzi yamerudishwa kwenye safu ya sifa. Limebaki jambo moja ambalo mimi na rafiki yangu tunabishania hadi sasa. Wamarekani wengi wanasifu kwamba kifyatulio chake kinaweza kurekebishwa kiwe 'chepesi', kisihitaji nguvu nyingi ya kidole. Yeye anataka kuandika hivyohivyo, 'kifyatulio chepesi'. Mimi naogopa kwamba kijana ataisikia kama sifa ya kitu cha haraka, kama tunavyosema mtu mwepesi. Nimempa 'kisichohitaji nguvu', naye amenikumbusha, kwa kicheko, nilivyokisema kiambishi -si-. Msomaji aliye na neno bora anitumie.